Kikokotoo cha mtandaoni kituonyeshe kanuni yake, si jibu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Manispaa ya Morogoro, nina miaka ishirini na sita kazini, na kustaafu sasa nakuona kwa macho. Nimesoma makala yenu iliyowashauri wafanyakazi wapakue programu za bajeti na watumie vikokotoo vya mtandaoni kujua mafao yao mapema. Ushauri wenyewe naukubali. Ila makala haikusema mtu atajuaje kama chombo alichokishika kinasema kweli, na hapo ndipo watu wanapoumia. Nimemwona mmoja akiumia nikiwa nimekaa naye meza moja.

Ni mwalimu mwenzangu wa Jiografia. Mungu akijalia, atastaafu mwanzoni mwa 2030 akitimiza miaka 60. Siku moja baada ya vipindi aliingia ofisini akanionyesha simu yake. "Madam, hebu ona. Milioni sabini na nne na laki nne." Alikuwa ameingia kwenye tovuti moja yenye kikokotoo, akajaza miaka 30 ya kazi na wastani wa mshahara aliotarajia kuwa nao mwishoni, shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kikampa mkupuo, yaani fedha za kulipwa mara moja siku ya kustaafu, wa shilingi 74,400,000 na pensheni ya shilingi 400,000 kila mwezi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa barua ya kupandishwa daraja. Kiwanja anacho Mkundi, mawe ya msingi alikwishayalipia, na ramani ya vyumba vinne ilikuwa kwenye bahasha mkononi.

Nikamwomba karatasi. Nikachukua ile 74,400,000 nikaigawa kwa mshahara wa mwaka, yaani 14,400,000. Ikaja 5.1666 na kuendelea. Nikamwambia, "Sasa tutafute kanuni gani inazaa namba hii." Miezi 360 kugawa kwa 540, zidisha kwa 15.5, chukua nusu. Inakuja ile ile, 5.1666. Basi kile chombo kilikuwa kinatumia kanuni ya zamani ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma: moja ya mia tano arobaini, kumi na tano na nusu, asilimia hamsini. Kanuni hiyo haitumiki tena. Ukurasa haukuwa na tarehe, haukuandika kanuni, haukuwa na hata mstari mmoja wa kusema umesasishwa lini. Ulikuwa na rangi nzuri na kitufe kilichoandikwa "Kokotoa".

Kwa wasomaji ambao hawakuifuatilia habari hii, nieleze kwa ufupi. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli alisitisha kikokotoo kipya, yaani kanuni mpya ya kupigia mafao, baada ya wafanyakazi kulalamika, kila kundi likaendelea na kanuni yake ya zamani. Kanuni moja kwa wote ilianza tarehe 1 Julai 2022: moja ya mia tano themanini, kizidisho cha 12.5, na mkupuo wa asilimia 33. Kisha katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakilipwa asilimia 50, na hadi 35 kwa wale waliokuwa wakilipwa 25. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa 2017 kina jibu lake, cha 2023 kina lake, cha leo kina lake. Vyote bado vipo mtandaoni, na ukitafuta vinakuja vimepangana kama ndugu.

Tukarudia hesabu pamoja. Kwanza nikamuuliza, hiyo miaka 30 umeihesabu kuanzia wapi? Akasema kuanzia 2000. Mwaka ule wa kwanza alifundisha shule ya mtu binafsi, ambako hakuwa amesajiliwa kwenye mfuko wowote. Ajira ya Serikali ilianza 2001. Kumbe chombo kilimuuliza "miaka ya kazi", naye akajibu kwa uaminifu, wakati kanuni haijali miaka ya kazi. Inachotaka ni miezi ya kuchangia. Yake itakuwa 348. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, kama ninavyowaandikia wanafunzi:

Miezi 348 kugawa kwa 580 ni 0.6. Zidisha kwa 14,400,000, unapata 8,640,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo: 8,640,000 mara 12.5 mara asilimia 40, ni shilingi 43,200,000. Pensheni ya mwezi: asilimia 60 ya 8,640,000, gawa kwa 12, ni shilingi 432,000.

Alikaa kimya. Kutoka 74,400,000 hadi 43,200,000 ni pengo la milioni 31 na laki mbili. Mwaka mmoja tu wa kujaza vibaya ungemdanganya kwa karibu milioni moja na nusu hata kama kanuni ingekuwa sahihi. Kilichobaki ni kosa la chombo. Na asilimia 40 yenyewe anaipata kwa sababu alikuwa mwanachama wa PSPF. Angekuwa ametoka PPF angehesabiwa kwa 35. Chombo hakikumuuliza alitoka mfuko gani.

Mhariri, hesabu hii niliifanya kwa kalamu ya Bic na kalkuleta ya simu, kwa dakika zisizozidi kumi. Sijivuni nikisema hivi, ndiyo kazi yangu. Lakini shule yetu ina watumishi ambao si walimu wa hisabati. Ina mpishi, mlinzi, katibu muhtasi, ina walimu wa Kiswahili na Historia wanaoniambia wazi kwamba namba ziliwashinda tangu kidato cha pili. Hao ndio wanaohitaji chombo kinachosema kweli kuliko mimi.

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu, na wenzangu ofisini wameuchukua. Kabla ya kukiamini chombo chochote cha akiba au mafao, nakipa swali ambalo jibu lake ninalo. Naweka riba sifuri. Nikiweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miezi 48 bila riba yoyote, nataka nione 2,400,000. Si zaidi, si pungufu. Kimoja nilichokijaribu kilinipa 2,450,000. Kilikuwa kinahesabu mwezi wa mwanzo na wa mwisho, jumla miezi 49. Kosa dogo hilo, lakini chombo kikikosea kuhesabu miezi pasipo riba, kikiwekewa riba kitafanya nini? Baada ya hapo naweka asilimia 12 kwa mwaka, riba ikiongezwa kila mwezi na fedha ikiingia mwisho wa mwezi. Jibu linatakiwa kuwa karibu na 3,061,000. Kikinipa kingine natafuta kama kimeandika mahali kwamba kinaongeza riba mara moja kwa mwaka, au kwamba fedha inaingia mwanzo wa mwezi. Kama hakijaandika, nakifunga.

Vyombo vya nje vina tatizo la namna nyingine. Hesabu yao huwa sawa, lakini si hesabu ya hapa kwetu. Binti yetu wa maabara alijaza kimoja cha Kimarekani, kikamwambia ili astaafu vizuri anahitaji shilingi milioni 240. Alinijia amenyong'onyea. Anatumia 800,000 kwa mwezi, sawa na 9,600,000 kwa mwaka. Chombo kikazidisha kwa 25. Hiyo 25 inatoka kwenye kanuni ya asilimia nne iliyotolewa mwaka 1994 na mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen. Alichukua historia ya hisa na hatifungani za kwao akauliza: mstaafu akichota asilimia ngapi mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kadiri bei zinavyopanda, fedha itamtosha miaka thelathini? Ni kazi nzuri kwa watu wa soko lile. Lakini haikujengwa juu ya mtumishi wa Tanzania atakayelipwa pensheni kila mwezi mpaka siku ya kufa, ambaye ana ekari mbili za mpunga Dakawa na bei zake za chakula zinafuata mvua. Nilimweleza hivyo. Pensheni yake ikilipia nusu ya matumizi, anayohitaji kuyatafutia akiba ni yale yaliyobaki, na hata hapo ile 25 si namba ya kukariri.

Lipo jambo moja ambalo vyombo vya nje vinalifanya vizuri kuliko vyetu, na ningependa tuliige: kupanda kwa bei. Vyetu karibu vyote vinakupa namba ya mwisho kana kwamba shilingi ya 2045 ni ile ile ya leo. Chukua pensheni ya mwenzangu, 432,000. Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 3 hadi 5. Weka 4. Baada ya miaka kumi na tano, akiwa na miaka 75, kama pensheni haitaongezwa, 432,000 itanunua kile ambacho siku anastaafu kilinunuliwa kwa takriban 240,000. Anayekumbuka sukari ilivyopita 4,000 kwa kilo mwanzoni mwa 2024 hahitaji kuelezwa zaidi. Mzee wa miaka 75 hawezi tena kwenda Dakawa kupandikiza mpunga. Mstari huu mmoja ukiwepo kwenye chombo, mtu angeanza akiba ya pembeni akiwa na miaka 35, si 57.

Kuna pia suala la mkupuo na pensheni ya mwezi, ambalo watu wanaligombania bila kuliona lote. Asilimia 33 ilipopanda kuwa 40, wengi walishangilia nyongeza. Kwa mwenzangu huyu mkupuo umeongezeka kwa shilingi 7,560,000, lakini pensheni ya mwezi imeshuka kutoka 482,400 hadi 432,000. Ni shilingi 50,400 kila mwezi, na miezi 150 itakapotimia, yaani miaka kumi na miwili na nusu, ile nyongeza itakuwa imerudi yote. Sisemi ni vibaya. Mwenye deni la ada au nyumba isiyo na paa anajua kwa nini anautaka mkupuo. Ila chombo kinachokuonyesha mkupuo kwa herufi kubwa na pensheni kwa herufi ndogo chini kabisa kinakufundisha kupenda kimoja na kusahau kingine.

Sasa nizungumzie programu za bajeti, ambazo makala yenu ilizisifu sana. Nilitumia moja miezi miwili, nikiwa na kaunta buku langu pembeni. Programu ilitaka nigawe kipato: nusu mahitaji ya lazima, asilimia 30 ninavyovipenda, asilimia 20 akiba. Mwezi wa kwanza kaunta buku lilikuwa na mistari hii: msiba wa mtaani 20,000, msiba wa mama wa mwalimu mwenzetu 30,000 na nauli ya kwenda Kilosa 18,000, send-off ya binti wa jirani 50,000, harusi ya mpwa wangu, awamu ya pili, 70,000. Jumla 188,000. Programu haikuwa na mahali pa kuziweka. Nikaziweka "Mengineyo", ikaniletea alama nyekundu na ujumbe kwamba nimezidisha matumizi ya starehe.

Hilo liliniuma. Mume wangu alipofariki mwaka 2016, rambirambi za watu hawa hawa ndizo zilizolipa deni la hospitali na gari la kumpeleka kwao Ifakara. Daftari la rambirambi ninalo hadi leo. Mchango wa msiba kwetu ni bima, na bima huwekwa kwenye bajeti kwa fungu lake na kiwango chake, ili mtu ajue mwezi huu ametoa kiasi gani na aweze kusema "nitatoa kumi" pasipo aibu. Programu isiyo na fungu la michango, la kikoba, la makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, na la kijana uliyemchukua kumsomesha, haiwezi kumsaidia Mtanzania kupanga fedha. Itamlaumu tu. Tena inagawa mwaka kwa kumi na mbili sawasawa. Mimi nanunua mahindi ya mwaka mzima Julai na Agosti yakiwa yametoka shamba, maana Februari bei haishikiki, na Januari yote ni ya sare, madaftari na nauli za shule. Kaunta buku linalijua hilo. Nimelirudia, na silionei haya.

Anayetaka programu atumie, ila aulize mapema kama anaweza kuzitoa taarifa zake humo siku akitaka kuondoka. Mint, iliyokuwa programu kubwa ya bajeti Marekani, ilifungwa Machi 2024. Walioweka humo kumbukumbu za miaka walilazimika kuhama. Ikifungwa hii ya kwako, miaka yako itaenda wapi?

La mwisho ni la usalama. Wifi yangu, aliyestaafu unesi, alitumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp: "Jua mafao yako kwa dakika moja." Kiliomba jina kamili, namba ya NIDA, namba ya cheki, namba ya simu na tarehe ya kustaafu. Akajaza vyote. Jibu hakupata, ukurasa ulizunguka tu. Wiki iliyofuata zikaanza simu. Mmoja alijitambulisha kuwa ofisa wa mafao anayetaka "ada ya kuharakisha faili", mwingine anatoa mkopo. Walimjua kwa jina na walijua tarehe yake ya kustaafu. Namshukuru Mungu alinipigia mimi kabla ya kutuma chochote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ipo. Lakini sheria haimfikii mama aliyeko peke yake sebuleni na simu mkononi. Tuwafundishe watu hili: kupiga hesabu ya mafao kunahitaji miezi ya kuchangia, wastani wa mshahara, na mfuko uliotoka. Basi. Hakuna sehemu ya kanuni inayohitaji namba ya NIDA. Chombo kinachoiomba ili kikufanyie hesabu kina shughuli nyingine.

Najua PSSSF wana programu yao ya simu iitwayo Kiganjani, ambako mwanachama anaweza kuangalia michango yake, na ninawasihi walimu wote waifungue leo, wahesabu miezi mmoja mmoja, kwa sababu mwezi unaokosekana ni rahisi kuufuatilia ukiwa bado kazini. Ombi langu kwa mifuko yote miwili ni kwamba popote panapotolewa makadirio, kanuni iandikwe pembeni kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, pamoja na tarehe iliyoanza kutumika, na mkupuo na pensheni viwe kwa herufi za ukubwa mmoja. Kwa waajiri na Chama cha Walimu, naomba semina za kustaafu zisisubiri mtu abakize miezi sita. Afikapo miaka 50 aitwe, akae na karatasi, afanye hesabu yake kwa mkono wake. Kwa gazeti lako naomba mchapishe mfano mmoja uliofanyiwa kazi, kila kanuni inapobadilika, ili msomaji awe na jibu sahihi la kupimia chombo chake.

Mwenzangu wa Jiografia alirudi Mkundi Jumamosi iliyofuata na fundi wake. Waling'oa vigingi wakavipanga upya: vyumba viwili na sebule, na upande wa mashariki wakaacha nafasi ya kuongeza baadaye. Yale mawe yaliyozidi amemuuzia jirani. Karatasi yenye hesabu zetu, ile ya kalamu nyekundu, ameniruhusu niiambatanishe na barua hii. Mkiona inafaa kuichapisha, tafadhali kateni sehemu ya juu kulia. Ameandika jina lake hapo.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati,
Kihonda, Morogoro
(Jina limehifadhiwa)